Pikapu Isiyopenda Safari Fupi

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu Spana,

Marahaba. Najibu shikamoo ambayo hujaitoa, kwa sababu nikisubiri uanze wewe kuandika tutazeeka wote.

Nakuandikia barua maana Mama amepiga marufuku simu kati yetu. Anasema tukipigiana hatumalizi dakika mbili kabla mmoja hajamkatia mwenzake, lakini karatasi haikatiki. Basi karatasi ndiyo hii, nimempa dereva wa lori la kokoto, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Usije ukasema hukuipata.

Jambo lenyewe ni pikapu ya Baba. Imewasha taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, ina mchoro kama kijisanduku chenye vitone ndani. Fundi Nyundo wa hapa sokoni kaiangalia akasema, "Aa, hilo ni chujio la masizi. Ugonjwa wa magari ya kisasa." Halafu akacheka. Mimi fundi anayecheka kabla hajafungua boneti simwamini, lakini ndiye niliye naye.

Unajua pikapu hii ndiyo miguu yangu. Asubuhi napeleka mayai hospitali, narudi kupakia, napeleka shule ya bweni, narudi, napeleka kwa waoka mikate. Ikilala siku mbili, kuku hawataacha kutaga kwa kunionea huruma. Na Mama kifua chake ni kile kile. Siku jirani akichoma takataka, tunakesha naye. Pikapu naiegesha chini ya dirisha lake kwa sababu uani hakuna pengine, na mpaka leo hajawahi kukohoa kwa ajili yake.

Wewe ni fundi wa dizeli. Uko huko machimboni unatibu mitambo ya watu wasiokuhusu, mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka hapa, na tangu tumzike Baba, huu mwaka wa tatu, hujakanyaga uani kwetu. Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza taa hii maana yake nini.

Dada yako

———

Ijumaa, 8 Machi

Dada, shikamoo.

Umeona? Nimeanza.

Hiyo taa si ugonjwa. Dizeli ikiungua inaacha masizi. Kwenye magari ya zamani yalikuwa yanatoka nje moja kwa moja, yanatua kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye vifua vya watu. Pikapu ya Baba ina kopo kubwa kwenye ekzosi linaloyakamata. Kopo likikaribia kujaa, injini inajiongezea joto yenyewe, masizi yanaungua, yanakwisha. Lakini haiwezi kufanya hivyo kwa safari zako za dakika saba, hospitali, nyumbani, shuleni, nyumbani. Gari hili halipendi safari fupi. Linataka barabara kuu, mwendo wa themanini, nusu saa bila kusimama. Lipe hiyo mara moja kwa wiki na taa itazimika.

Sasa sikiliza vizuri, maana najua unavyosoma barua zangu huku unachambua mchele. Ukifika nyumbani ukasikia injini bado inanguruma kwa nguvu kuliko kawaida na feni inavuma kama ina hasira, USIZIME. Bado inajisafisha. Iache hapo hapo imalize. Ukiizima katikati, masizi yanabaki palepale, na dizeli ambayo haijaungua inashukia kwenye oili. Ukifanya hivyo mara moja, si neno. Ukirudia rudia, utaua gari.

Kuja siwezi. Kijiko kimoja cha kuchimbia mawe kimevunjika mkono na bosi ananisimamia kichwani. Msalimie sana Mama.

Mdogo wako,
Spana

———

Jumapili, 17 Machi

Spana,

Mchele sikuchambua. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa sauti, maana macho ya Mama hayasomi tena mwandiko wako wa kuku. Alinirudisha hasa pale pa "usizime". Akauliza, "Kwa hiyo likizimwa katikati ndiyo linaharibika?" Nikamwambia ndiyo, Mama. Akasema, "Fundi huyu mwanangu anajua kueleza." Mimi ninayemlishia kuku wake na kumchemshia maji sijawahi kusifiwa hivyo.

Jumamosi ya tarehe tisa tulikwenda barabara kuu. Mama aling'ang'ania kuja. Alikaa mbele, mkoba mapajani, kajipaka mafuta hadi kwenye viwiko, utadhani tunakwenda kuoza mtu. Tulipofika pale malori yanapopimwa uzito, kwenye njia ya kuja huko kwako, nikageuza. Akanitazama. "Kumbe hatufiki?" Nikamwambia, Mama, safari yenyewe ndiyo dawa, hakuna tunapokwenda. Aliukumbatia mkoba wake, akatazama dirishani njia nzima ya kurudi.

Taa ilizimika. Nikafurahi siku mbili. Jumanne imewaka tena.

Na mambo yote nafanya kama ulivyoagiza. Nikirudi kutoka hospitali saa nne, nikisikia feni inavuma, naiacha gari inanguruma, naingia bandani na trei tupu. Nikitoka nakuta imezimika yenyewe. Sasa hilo nalo ni kosa langu?

Dada yako

———

Alhamisi, 21 Machi

Dada, shikamoo.

Gari halijizimi lenyewe. Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita, nimeona injini zinazokataa kuwaka, zinazokataa kuzimika, moja iliyonguruma mpaka ikapasuka. Sijaona dizeli iliyochoka ikajizima kwa adabu huku mwenye gari yuko bandani.

Unalizima wewe. Mkono umezoea: unafika, unageuza ufunguo, unashuka. Hukumbuki hata kama umefanya. Na hiyo nusu saa yako ya barabara kuu naomba uniambie ukweli, ilikuwa dakika ngapi? Maana Dada nakufahamu, kwako "nakuja sasa hivi" ni kesho kutwa.

Nakuomba sana. Ikiendelea hivi, siku moja gari litapoteza nguvu. Litatambaa tu, ukikanyaga mafuta halisikii. Likifika hapo barabara kuu haitasaidia tena, na barua zangu pia hazitasaidia. Hapo lazima fundi aje mwenyewe na kompyuta, achomeke waya, aliamuru lijisafishe likiwa limesimama. Tusifike huko.

Mdogo wako,
Spana

———

Jumapili, 31 Machi

Spana,

Tumefika huko.

Jana, kwenye kile kilima cha kwenda hospitali, pikapu ililegea. Nakanyaga, haisikii. Taa zilizowaka pale mbele sikujua kama ni dashibodi au ni sherehe. Nyuma nina trei arobaini, nyuma yake foleni ya watu wanapiga honi, na gari la wagonjwa nalo liko humo humo kwenye foleni kwa ajili yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Msimamizi wa jiko alinipokea na mikono kiunoni. Kasema nikichelewa tena atatafuta mtu mwingine, na hospitali ikiondoka, Spana, nusu ya banda naliuza.

Nusu saa yangu ilikuwa dakika thelathini na nne. Nilitazama saa, na Mama shahidi.

Na hilo la mkono kuzoea limeninyima usingizi. Nilibandika karatasi kwenye usukani, nimeandika USIZIME kwa kalamu nyekundu. Naisoma, nashuka, naiacha inanguruma. Naingia bandani. Nikitoka, imezimwa, ufunguo umegeuzwa vizuri. Nimeanza kujishuku. Jana nilimuuliza Mama kama mtu wa umri wangu anaweza kuanza kupoteza kumbukumbu. Akainamia kikombe chake cha chai. Unajua ilivyonikata maini? Maana yake kaona kitu ananificha.

Basi nimechoka. Alhamisi Nyundo atalikata hilo kopo, atavitoa vilivyomo ndani, atalichomelea tena liwe bomba tupu. Anasema ana jamaa pia wa kuidanganya kompyuta ya gari isiulize kopo liko wapi. Anasema nusu ya pikapu za mji huu zimefanyiwa hivyo na zinakimbia kama zimetoka kiwandani jana.

Usinihubirie. Si wewe uliyemwambia Baba, mbele ya jirani zote, siku alipoileta, kwamba gari hili tutalisukuma kwa mikono? Haya, tunalisukuma. Furahi.

Dada yako

———

Jumatatu, 1 Aprili

Dada,

Shikamoo. Usimpe Nyundo hilo gari. Nakupigia magoti kwenye karatasi.

Najua nilichosema siku ile. Nakikumbuka kila nikilala. Baba alikuwa ameniomba nimchagulie gari. Nilimchagulia la zamani, injini ngumu, halina chujio, halina vihisi vya umeme, unalitengeneza kwa nyundo na waya. Akalitazama likiwashwa, akatazama moshi wake, akasema, "Hili litaegeshwa chini ya dirisha la mama yako?" Akaenda akanunua hili bila kuniambia. Nikaona kanidharau, mimi fundi. Ndiyo nikatoa yale maneno, na yeye alichukua kitambaa akaendelea kufuta kioo. Wiki ya tano akafariki.

Sikuwahi kumwambia samahani. Sasa unataka nije nisimame mbele ya gari hilo hilo, limeharibika kama nilivyotabiri, nifungue boneti watu wakinitazama? Siwezi, Dada.

Lakini Nyundo akitoboa lile kopo, moshi wote unaingia chumbani kwa Mama kila asubuhi. Baba alilinunua gari kwa sababu hiyo moja tu. Wiki ijayo nitakutumia mwenzangu, ana kompyuta kama yangu. Subiri wiki moja.

Spana

———

Jumanne, 2 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni Mama Cherehani wa jirani, mimi nasema. Nimemwapisha asimwambie mtu. (Nimeapa. Mwandishi.)

Dada yako kanisomea barua yako leo asubuhi, akaishia njiani akaenda kulia bandani, akidhani sijui. Hiyo sehemu iliyobaki nimesomewa na huyu jirani. Kwa hiyo nayajua yote, na wewe leo utayajua yangu.

Gari nazima mimi.

Usishtuke. Dada yako akiingia bandani, natoka polepole, naingiza mkono dirishani, maana kioo cha dereva hakipandi, nageuza ufunguo, narudi kukaa. Linapumua "fuu", linanyamaza. Nilijifunza kwenye barua zako. Wewe uliandika usizime, nikazima. Uliandika ukirudia rudia litaharibika, nikarudia rudia. Ulipoandika kwamba likipoteza nguvu lazima fundi aje mwenyewe, nilimwomba dada yako anisomee hapo tena, nihakikishe. (Mimi Mama Cherehani nilikuwa sijui haya. Nimeacha kuandika kwanza nikacheka. Sasa naendelea.)

Ningefanya nini kingine, mwanangu? Nilikuita kwa simu, ukasema kazi. Nilituma salamu, ukarudisha salamu. Nikasema huyu mtoto haji kwa mama yake, lakini kwa injini mbovu atakuja, maana tangu mdogo ukisikia chuma kinalia ulikuwa unaacha hata chakula.

Sikujua kwamba ni gari lenyewe unaloliogopa. Ningejua ningevunja kitu kingine.

Kwa dada yako nimekosa. Ameniuliza kama anapoteza kumbukumbu na mimi nikaangalia chai. Hilo linaniuma kuliko kifua. Lakini kumwambia naona haya, utanisaidia.

Sasa sikia. Baba yako hakukukasirikia. Usiku wa siku ile aliniambia, "Kijana anajua injini, lakini hajawahi kulala karibu na kifua chako." Kisha akacheka, akalala. Ndiyo basi. Miaka mitatu umebeba kitu ambacho mwenyewe alikiacha mlangoni siku hiyo hiyo.

Mwenzako mwenye kompyuta simtaki. Ufunguo wa pikapu ninao, nimeuficha ndani ya foronya ya mto wangu. Nyundo akija Alhamisi atakuta gari bila ufunguo na bibi mwenye fimbo. Hospitali keshokutwa mayai yatakwenda kwa mkokoteni wa muuza maji, nimeshaongea naye. Lakini mkokoteni hautakwenda wiki nzima. Ufunguo nampa mtu mmoja tu, na lazima aje kuuchukua kwa mkono wake.

Mama yako

(Na ukija uniletee mkanda wa cherehani, wa hapa wote wanakatika. Mwandishi.)

———

Jumamosi, 6 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimerudi salama huku machimboni. Samahani kwamba niliondoka jioni ya siku ile ile niliyokuja. Bosi alikuwa ananipigia.

Kama nilivyokueleza, tatizo halikuwa wewe. Kuna waya ulikuwa umelegea karibu na swichi ya ufunguo, ndiyo sababu injini ilikuwa inazimika. Nimeukaza. Kumbukumbu zako ni nzima, na nakuomba radhi kwa yote niliyokuandikia. Oili nimemwaga nimeweka mpya. Usichelewe kubadilisha.

Kuna jambo sikuweza kulisema pale, naliandika. Zile dakika arobaini ambazo gari lilikuwa linajisafisha uani, nilikaa kwenye kiti cha dereva. Miwani ya Baba bado iko pale juu, nyuma ya kile kibao cha kukinga jua, hujaitoa. Ekzosi ilikuwa na joto la kuchoma mbao, injini inanguruma mpaka madirisha yanatetemeka, nikageuka nyuma kutazama moshi. Hapakuwa na moshi, Dada. Hata uzi. Mama alifungua dirisha lake lote, akaegemea pale anavuta pumzi, ananitazama.

Baba alichagua vizuri kuliko mimi. Nimechelewa miaka mitatu kulisema, lakini nimelisema mle ndani ya gari, kwa sauti, mlango umefungwa.

Mwambie Mama nitakuja tena kazi zikipungua.

Mdogo wako,
Spana

———

Jumatano, 8 Mei

Mdogo wangu Spana,

Waya umelegea. Wewe ungekuwa muongo mzuri ningekusamehe, lakini unadanganya kama unavyoandika, ovyo.

Ulipokwenda kunawa mikono siku ile, kompyuta yako uliiacha wazi juu ya boneti. Mimi si fundi lakini kusoma najua. Ilikuwa imeandika kwamba kujisafisha kumekatishwa mara kumi na moja, na kila mara na saa yake. Saa nne na dakika kumi. Saa nne na robo. Saa nne na dakika nane. Saa hizo mimi niko bandani na trei, na uani anabaki mtu mmoja. Halafu nikaenda kwa Mama Cherehani kushona sketi, nikakuta ana mkanda mpya kutoka machimboni. Nilipomtazama tu, sindano ilimchoma kidole.

Nilikasirika, Spana. Wiki mbili nilikuwa najiona mwehu nyumbani mwangu, nimejibandikia karatasi kwenye usukani, kumbe mwenye mkono ananywa chai na mimi meza moja. Nilijiandaa kumwambia. Nilipanga mpaka maneno. Kila nikifungua mdomo, yeye ananiuliza, "Spana kasema kazi zikipungua. Zinapungua lini hizo?" Nikayameza.

Sasa mwezi umepita. Kila Jumamosi tunakwenda barabara kuu, mpaka kwenye mizani ya malori, tunageuza. Mama haulizi tena kama tutafika. Anaangalia upande wa pili wa barabara mpaka nimalize kugeuza.

Leo asubuhi nimerudi kutoka hospitali, feni inavuma, nikaiacha inanguruma, nikachukua trei. Lakini sikuingia bandani. Nilisimama nyuma ya mlango wa jiko. Akatoka kwa fimbo yake, anapumzika kila hatua tatu, anaangalia huku na huku kama kibaka. Akafika, akaingiza mkono dirishani. Kimo hakimtoshi siku hizi, ilibidi asimame kwa ncha za vidole. Akageuza. Gari likanyamaza. Akalipigapiga mlangoni mara mbili, kama anavyowapigapiga kuku, akarudi kukaa.

Ningeweza kumwita. Ilikuwa sekunde moja tu. Nilisimama pale na trei mikononi nikamwacha amalize, kisha nikatoka nikasema kwa sauti kubwa, "Ah, Mama, gari hili tena!" Akasema, "Pole mwanangu. Itabidi umwandikie fundi."

Basi nakuandikia. Kazi zako hazitapungua, mitambo ya machimbo itavunjika mpaka kokoto ziishe. Mama ndiye anayepungua.

Taa imewaka. Jumamosi uje, na mara hii pamoja na kompyuta ulete nguo za kubadilisha.

Dada yako